Kabla hujamwamini mwenye bunduki kuukuu ya jeshi

Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Muulize mwenye Lee-Enfield ya Kiingereza ni bunduki gani ya kale ya kijeshi inayofaa kununuliwa, naye atakutajia Lee-Enfield. Mwenye Mauser atakufungulia bolti, kile chuma kinachovutwa kwa mkono kufunga na kufungua nyuma ya risasi, akuonyeshe ukucha mpana unaoshika ganda la risasi, aseme wengine wote waliiga hapo. Mwenye Mosin-Nagant ya Kirusi atakueleza alivyoipata kwa bei ya kutupa na isivyojua kukwama. Hakuna anayekudanganya. Lakini kila mmoja anaisifu ile moja iliyo mkononi mwake, kwa risasi anazozipata yeye, kwa kazi anayoifanya yeye. Ukienda dukani na maneno yake tu, utauziwa bunduki nyingine kabisa yenye jina lilelile.

Kazi yangu ilikuwa ghala la silaha. Nilianzia Kisumu, nikapelekwa Kapenguria na baadaye Marigat, na sasa nimestaafu naishi Lanet, Nakuru. Silaha zilizopita mezani kwangu zilikuwa za serikali, si zangu, ila nyingi ni za aina ambayo leo inauzwa Marekani kama masalio ya vita, hasa Lee-Enfield namba nne ya risasi za .303, ile tuliyoiita Maki Foo. Ndiyo maana vijana wetu walio Texas na Minnesota hunipigia simu: “Mjomba, kuna .303 hapa dukani, mwenyewe anaisifu sana. Niichukue?” Jibu ninalowapa ndilo hili, nimelipanua kidogo kwa ajili ya yeyote anayevipenda vyombo hivi kama ninavyovipenda mimi.

Sheria kwanza. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huwezi kumiliki bunduki bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, na bunduki za kivita kama AK-47 na G3 si za raia. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo hata sababu ya kuwindia haipo. Aliye nyumbani asome haya kwa kutaka kujua. Aliye Marekani ajue kwamba dukani atajaza Fomu 4473 na kuchunguzwa rekodi yake. Mwenye makazi ya kudumu anaweza kununua, lakini mwenye viza ya muda, kama ile ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa aingie katika vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mpango wa serikali uliokuwa ukigawa bunduki za M1 Garand, siku hizi unaoitwa Civilian Marksmanship Program, unawauzia raia wa Marekani peke yao. Na kila jimbo lina masharti yake juu ya hayo. Kijana aliye huko kwa masomo asijiharibie maisha kwa ajili ya chuma cha mwaka 1943. Aulize kwanza, kwa maandishi.

Tukitoka hapo, mtu anapoanza kukusifia au kukuponda bunduki fulani, mwulize mambo matatu: ni ipi hasa, unaipiga kwa risasi gani, na unaitumia kwa kazi gani.

Ipi hasa? Jina peke yake halitoshi. Chukua Springfield ya Marekani ya mwaka 1903, bunduki inayosifiwa kwa uzuri wa kazi yake. Zile za mwanzo zilichomwa chuma kwa kukadiriwa kwa jicho, na baadhi zikatoka na chuma kikavu kinachoweza kupasuka. Kwa sababu hiyo watu makini hawazipigi zenye nambari ya chini ya 800,000 kutoka kiwanda cha Springfield, wala chini ya 285,507 kutoka Rock Island. Mwenye nambari ya juu anakusifia bunduki imara, na anasema kweli. Wewe ukinunua ya nambari ya chini kwa sababu ya sifa zake, umenunua pambo la ukutani.

Maki Foo nazo zina koo zake. Ziliundwa Uingereza, katika viwanda vya Fazakerley, Maltby na Shirley. Kanada, pale Long Branch. Na Marekani, na kampuni ya Savage, ambazo utaona zimegongwa maneno US PROPERTY ingawa zilipelekwa kwa Waingereza. Za kipindi kigumu cha vita zimeachwa na alama za mashine, na nyingine mtutu wake ndani una mifereji miwili tu ya kuizungusha risasi badala ya mitano. Wenyewe hubishana sana juu ya hiyo mifereji miwili. Nilizoziona mimi zilipiga sawasawa na zenzake, kwa hivyo usikatae bunduki kwa sababu hiyo. Kuanzia 1949 ikaja ya namba nne alama ya pili, ambayo triga yake imening'inizwa kwenye mwili wa chuma badala ya kwenye mlinzi wa triga ulioshikwa na mbao. Jambo hili dogo ni kubwa. Mbao zinavimba na kusinyaa, na triga iliyofungwa kwao inabadilika nazo. Ukimsikia mtu akilalamika kwamba triga ya Maki Foo yake haitabiriki msimu wa mvua, mwulize ni alama ya kwanza au ya pili kabla hujaziandika zote kuwa mbovu.

Kilengeo cha nyuma kadhalika. Kuna kile cha kuzungusha kwa skrubu, kinachopanda kutoka yadi 200 hadi 1,300, na kuna kile rahisi cha vita chenye matundu mawili, yadi 300 na 600. Mwenye kile cha kwanza atakuambia hakuna bunduki ya jeshi ya zama zile inayolenga vizuri kuliko yake. Mwenye cha pili atakuambia inapiga juu sana kwa umbali wa mita 100, na kwa kweli inapiga juu, kwa kuwa haikutengenezewa mita 100. Bunduki ni moja, kipande cha chuma kilichobadilishwa ni kidogo kuliko kidole gumba.

Risasi gani? Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Risasi ya .303 ina ukingo chini ya ganda lake. Ukizijaza ovyo kwenye magazini, ukingo wa juu ukakaa nyuma ya ukingo wa chini, zinashikana na bolti haisogei. Mtu atakuambia bunduki inakwama. Haikwami, imejazwa vibaya: kila risasi unayoiweka lazima ukingo wake uwe mbele ya ile iliyo chini yake. Tuliwafunza makurutu jambo hili kabla ya kuwafunza kulenga.

Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92 ina fitina yake. Zile za kabla ya 1905 zilitengenezewa risasi nyembamba kidogo kuliko za baadaye, na kwa kuogopa kwamba mtu atapiga risasi nene katika mtutu mwembamba, viwanda vya Marekani hujaza risasi za aina hii baruti pungufu. Mmarekani anapiga risasi hizo dhaifu, anasema Mauser haina nguvu. Mwenzake wa Ulaya anapiga zenye baruti kamili, bega linamuuma kwa sababu kitako kimevaa bamba la chuma, anasema Mauser inapiga teke kupita kiasi. Wote wawili wana Mauser ileile, ya aina ya Kar98k.

M1 Garand nayo, ile ya risasi nane iliyobuniwa na John Garand na kuchukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936, ukiilisha risasi nzito za kisasa za kuwindia, gesi inazidi na kile kijiti kirefu kinachosukuma bolti kinaweza kupinda. Halafu mwenyewe analalamika kwamba imezeeka. Kabla ya kununua bunduki yoyote ya kale, tafuta kwanza risasi zake zinauzwa wapi na kwa bei gani. Mosin-Nagant iliuzwa chini ya dola 100 miaka ya mwanzo ya 2000, na risasi zake zilikuja kwa makopo. Tangu 2021, Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, hesabu hiyo imebadilika, ila sifa za zamani bado zinazungumzwa na wale walionunua zamani.

Kazi gani? Swali hili lina uzito kuliko yote. Wengi wetu tumesikia habari za Tanga, Novemba 1914, wakati jeshi kubwa la Waingereza lililoletwa kutoka India liliposhindwa na kikosi kidogo cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Askari wengi wa Lettow, watu wa bara hili, walikuwa na Mauser za mtindo wa 1871, zinazopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi, na kila mpigo ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali walipo. Kwa kipimo chochote cha mezani, Lee-Enfield ya Mwingereza ilikuwa bora mara kadhaa. Lakini katika vichaka na mashamba ya minazi, karibu karibu, kwa askari wanaoijua ardhi, ile ya zamani ilitosha. Baada ya mapigano hayo Lettow aliokota bunduki za kisasa mia kadhaa, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000, akawapa askari wake. Hakuzitupa sifa za bunduki mpya, wala hakungoja kuzipata ndipo apigane. Miezi miwili kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamefika hadi Kisii mjini, kwa hivyo jambo hili si la kwingine, limepita kwenye vilima vyetu.

Na wazee wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 walibeba .303 kwenye matope ya bonde la Kabaw. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kwake yeye bunduki nzuri ilikuwa ile inayofunga baada ya kuanguka matopeni, basi. Usahihi wa yadi 600 hakuwahi kuutaja, maana msituni humwoni mtu wa yadi 60.

Marigat nilisikia maoni mengine. Wale polisi wa akiba wa Baringo, wachungaji wenyewe, walipewa .303 na wengine G3 ili walinde mifugo. Mzee mmoja aliniletea Maki Foo yake kila baada ya miezi michache, imefungwa kitambaa, safi kuliko za kambini. Alisema inafika mbali na haimwangushi kwenye vumbi. Kijana wa kijiji hichohicho alisema ni mzigo: wezi wa ng'ombe wana AK ya risasi 30, yeye ana kumi na lazima avute bolti kila mara. Niliwasikiliza wote wawili na sikuona wa kumkosoa. Mzee alilinda malisho ya wazi kutoka kwenye mwinuko. Kijana alikuwa akifuata nyayo kwenye korongo, ambako adui anatokea hatua ishirini mbele yako. Sasa wewe unayetaka kupiga karatasi ya shabaha Jumamosi huko Dallas, huna kazi ya mzee wala ya kijana. Usichukue hofu ya mmoja wala fahari ya mwingine.

Baada ya maswali hayo, niseme ninavyozipima mimi.

Lee-Enfield naiweka mbele, na sifichi mapenzi. Bolti yake ni fupi, inainuka kidogo tu, robo ya mzunguko haifiki, na inajikaza wakati wa kufunga, si wakati wa kufungua, kwa hivyo mkono hauchoki. Kabla ya 1914 askari wa Uingereza walifunzwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, na hilo haliwezekani kwa bolti ngumu. Magazini inabeba kumi pale wenzake wengi walipobeba tano. Chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, za wakati wa vita zilitobolewa kwa upana kidogo ili vumbi na matope visizuie. Hapohapo ndipo kasoro yake ilipo: meno ya kufungia yako nyuma ya bolti, mwili unanyumbuka kidogo kila mpigo, na ganda linavutika na kurefuka. Kwa jeshi linalotupa maganda haidhuru. Kwa mtu anayeokota maganda ayajaze upya, ganda hilo litakatika karibu na kitako chake baada ya kutumika mara chache, na usipojua sababu utailaumu bunduki. Kasoro ya pili ni mbao. Ubao wa mbele lazima ukae sawasawa dhidi ya mwili wa chuma, na ukisinyaa, bunduki iliyokuwa ikipiga sarafu inaanza kutawanya.

Ndugu yake mfupi, ile namba tano ya msituni ya mwaka 1944, inavutia sana macho. Waingereza waliitumia hapa Kenya wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Nyepesi, kilo tatu na kidogo, inabebeka. Lakini kwa wepesi huo inapiga bega vibaya, mpira ulio kitakoni ni mdogo na ukizeeka unakuwa mgumu kama jiwe, na jeshi lenyewe liliilalamikia kwamba haishiki shabaha, leo inapiga hapa, kesho pale. Wenyewe wapo wanaoapa kwamba yao haina tabia hiyo. Huenda. Kwa pesa zangu nisingeinunua ya kupigia, na kwa kuwa inatafutwa sana na wakusanyaji, mafundi wasio waaminifu hukata Maki Foo za kawaida wakaziuza kwa jina lake. Tazama mwili wa chuma: ya kweli imepunguzwa uzito kwa kuchongwa mahali kadhaa, hata mtutu wake.

Mauser ni imara kuliko zote katika bolti. Meno mawili mbele, la tatu la akiba nyuma, na ule ukucha unaolishika ganda tangu linapotoka magazini hadi linapotupwa nje. Kama nia yako ni kuitengeneza upya iwe ya uwindaji, anza hapo. Vilengeo vyake vya jeshi ndivyo vinavyoniudhi, vidogo, na macho ya mtu wa makamo hayavioni. Nyingi zilizotekwa na Warusi zilivunjwavunjwa na kuunganishwa tena bila kujali nambari, kwa hivyo ukitaka ya kukusanya, linganisha nambari kila kipande.

Mosin ni ndefu, sentimita 123 bila singe, kufuli lake la usalama linahitaji nguvu za mkono mzima, na bolti hugoma. Ila bolti ikigoma mara nyingi ni grisi ya stoo iliyokauka ndani ya chemba. Isafishe kwanza. Grisi hiyohiyo kwenye SKS, bunduki ya Kirusi inayojijaza yenyewe, ni hatari halisi, kwani pini ya kugonga iko huru ndani ya bolti, na ikinasa kwenye grisi mbele, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe inapofunga, na kuendelea. Usipige risasi hata moja kwenye SKS kabla hujavua bolti, ukaiosha, ukaitikisa na kusikia pini ikicheza.

Bunduki ya Uswisi ya K31 sina la kuisema ila nzuri, na ghali kulisha.

Sasa umefika dukani. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba haina risasi, hata kama muuzaji ameshahakikisha mbele yako. Kisha anza na maandishi kabla ya mbao kukupendeza. Kwenye Lee-Enfield tafuta herufi DP. Maana yake ni ya gwaride tu, si ya kupiga, na ukiziona rudisha bunduki mezani hata kama inang'aa. Angalia nambari iliyo nyuma ya mkono wa bolti na ile ya mwili. Zisipolingana, bolti imetoka kwa bunduki nyingine, na hapo hedispesi, ile nafasi kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapokomea chembani, haijulikani. Maki Foo ina vichwa vya bolti vinavyobadilishwa, vimegongwa namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, hasa kwa ajili ya kurekebisha nafasi hiyo. Ukikuta namba 3, ujue imeshakula sana na hakuna pa kusogea tena. Fundi apime kwa geji mbili, ile ambayo bolti inapaswa kuifungia na ile ambayo haipaswi. Pesa ya kipimo hiki usiibanie. Nafasi ikizidi, ganda linapasuka na gesi inarudi usoni.

Halafu mtutu. Vua bolti, tazama kuelekea mwanga. Giza si lazima liwe ubaya, linaweza kuwa uchafu wa miaka. Omba kitambaa upitishe. Unachotafuta ni kingo za mifereji ziwe kali, na vishimo vya kutu visiwe vingi, hasa karibu na chemba na kwenye mdomo. Mdomo ndio unaoamua risasi inaondokaje. Askari waliosafisha kwa fimbo ya chuma kutoka mbele waliukwangua kwa miaka, na Warusi walipoona umekwisha waliutoboa ndani upana zaidi ili risasi iachie nyuma ya sehemu iliyoharibika. Wengi huikimbia Mosin iliyotobolewa hivyo. Kwangu si kasoro ya kukimbia. Inapiga vizuri, ila thamani ya mkusanyaji imeshuka, basi bei nayo ishuke. Ili kupima mdomo wa .303, wauzaji wengi wana risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki, kile kiwashio cha kitakoni. Ingiza ncha yake mdomoni: ikizama hadi ganda liguse chuma, mtutu umelika.

Mbao zitazame mahali pa siri: nyuma ya mwili wa chuma, pande zote mbili, ambapo nyufa huanzia, na chini ya ubao wa juu, ambapo kutu hujificha kwa sababu jasho na mvua vilikaa humo. Muuzaji akikataa usifungue ubao wa juu, amekujibu. Zile zilizokatwa ubao ziwe za kuwindia zinauzwa rahisi, na kwa mtu anayetaka kupiga tu hazina neno. Usikubali kulipa bei ya nzima kwa ahadi kwamba mbao za kurudishia zinapatikana. Zinapatikana, na bei yake itakushangaza.

Ukishanunua, risasi nyingi za jeshi za zamani zina fataki yenye chumvi. Ikipigwa, chumvi inabaki mtutuni, inanyonya unyevu wa hewa na kuanza kula chuma usiku huohuo. Mafuta hayaiyeyushi. Watu wanapaka mafuta juu ya chumvi, wanaifungia humo, na mwezi ujao wanasema chuma cha Warusi ni kibovu. Chumvi huondolewa kwa maji. Chemsha birika, tia faneli kwenye chemba, mimina maji yanayochemka yapite mtutu mzima, nusu lita au zaidi. Joto lenyewe linasaidia kukausha. Pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke vyeupe, futa uso wa bolti na kichwa chake kwa maji pia, kisha ndipo mafuta, membamba. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na wekundu, rudia. Nilipokuwa Kisumu, na ule unyevu wa ziwa, tulifanya hivi jioni ileile ya mazoezi, hata kama watu wamechoka. Bunduki zilizoachwa hadi asubuhi tulizitambua kwa jicho.

Usiihifadhi kwenye mfuko wa turubai au ngozi, unashika maji. Mbao zipake mafuta ya kitani kidogo kidogo, usikimbilie vanishi. Na mafuta ya kupikia yasikaribie bolti, yanaganda na kuwa gundi. Ifungie kwenye sanduku la chuma, risasi mahali pengine pa kufuli, na ufunguo usijulikane na watoto.

Nimalizie na swali linalotoka kwetu hapa, si Marekani. Huulizwa na watu wa Vihiga, Bungoma, hata Molo: nyumba ya babu inabomolewa na darini kumeonekana bunduki ya zamani, tufanyeje? Msiiguse. Msijaribu kuvuta bolti mwone kama inafanya kazi. Risasi ya miaka sabini chembani bado inaua. Watoeni watoto, fungeni chumba, mwiteni chifu, au pigeni 999 au 112, polisi waje waichukue pale ilipo. Msiifunge kwenye gunia mkaipandisha matatu kuipeleka kituoni, maana njiani mtakuwa watu wenye silaha isiyo na cheti, na maelezo ya babu hayatakuwepo kwenye gunia. Pigeni picha ya pale ilipo kabla hawajafika, muandike jina la mzee, kikosi alichotumikia ikiwa kinajulikana, na nambari ikiwa inasomeka bila kuisogeza. Wakiichukua, ombeni nakala ya maandishi ya kituo. Na kama familia ingependa ihifadhiwe makumbusho badala ya kuteketezwa, liandikeni ombi hilo siku hiyohiyo, lenye nambari ya maandishi ya kituo, kabla haijaondoka hapo kituoni.